Ukanda wa Hariri Niliompelekea Nodira

Nyinyi wenzangu watatu mliopanda ndege Moscow mkaniacha stesheni na begi langu, mmenisamehe kuchelewa lakini hamjaacha kuniuliza. Kila tukikutana kantini ya kiwandani, mmoja wenu lazima aanze: "Zuhura, Sweden ulikwenda kufanya nini hasa?" Nimekuwa nikijibu nusu nusu. Leo nimekaa naandika yote, mpitishiane. Mambo ya viza na tiketi siyagusi, foleni zake mnazijua wenyewe.

Tashkent, mtaa wa zamani

Nodira mnamkumbuka. Mwaka wetu wa kwanza chuoni alikaa dawati moja na mimi, na ndiye aliyenipeleka kwao kwa mara ya kwanza, kwenye ile nyumba ya udongo yenye miti ya aprikoti uani, tunda dogo la manjano ambalo wenyewe wanaliita urik. Mwaka wa pili akaolewa na Wasswa, yule Mganda aliyesomea umwagiliaji. Baba yake alisema, "Mwislamu, sawa. Lakini wa wapi?" Ndoa ilipofungwa bila yeye, akakataza jina la Nodira lisitajwe mbele yake na barua zake zisipokelewe. Uganda kulikuwa na vita, Wasswa hakuwa na pa kurudi. Wakaishia Stockholm.

Mimi niliendelea kwenda pale nyumbani kila Jumapili. Mama yake, Bibi Saodat, alikuwa mdarizi, naye alinikalisha karibu yake akanitia sindano mkononi. Bibi yangu Tanga alikuwa akidarizi kofia, kwa hiyo sindano si ngeni kwangu, lakini kazi ya wale kinamama ni nyingine. Bi harusi wa kule hupewa suzani, kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani, kilichojaa maua ya hariri. Kinatengenezwa kwa kanda nne nyembamba za pamba. Zinaunganishwa kwanza kwa mshono wa muda, mchoraji anachora maua juu yake, halafu zinafumuliwa na kila mwanamke wa ukoo anachukua ukanda wake akadarizi peke yake. Zikirudi zote, zinaunganishwa tena. Ndiyo maana ua moja unaweza kuliona nusu yake imekaza na nusu imelegea: ni mikono miwili.

Nodira aliondoka na kanda tatu. Wa nne, wa mama yake, ulikuwa haujaisha. Bibi Saodat aliudarizi kwa jirani, mumewe asiuone, miaka miwili na zaidi. Mwezi wa nne moyo ulimsimama akiwa anachota maji uani. Zilibaki kama shibiri mbili za kazi. Dada mdogo wa Nodira, Dilbar, ndiye aliyezimaliza katika siku arobaini za msiba, akaacha jani moja tupu kama desturi yao, kwamba kazi isiyokwisha huacha mlango wazi kwa harusi nyingine.

Siku aliyonikabidhi ule ukanda tulikuwa jikoni kwa jirani.

"Andika barua, niipeleke," nilimwambia. "Mimi sijui nitasemaje."

"Barua inasomwa na mtu aliye peke yake," Dilbar akajibu. "Nataka amwone mtu. Mwambie kwa mdomo wako, na umshike."

Nikaahidi.

Siku tatu za reli, zikawa nne

Kwenye chumba cha behewa tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa Samarkand aliyekuwa anakwenda hospitali ya Moscow kumwona mwanawe, askari aliyejeruhiwa Afghanistan. Alibeba mikate ya duara, urik kikapu kizima, na vidonge vya maziwa makavu yenye chumvi kali. Kila alichokula alikigawa mara mbili kabla sijasema kitu. Mhudumu wa behewa alituletea chai kwenye bilauri zenye vishikio vya chuma, na tukazoeana.

Siku ya pili treni ilisimama katikati ya nyika, mahali pasipo hata kibanda. Tuliambiwa kuna mabehewa ya mizigo yameacha reli huko mbele. Tulikaa pale mchana wote. Maji yakaisha, madirisha hayafunguki, watoto wa behewa la pili wanalia. Ili nisifikirie kiu nikautoa ukanda niuangalie.

Yule mama aliupokea kwa mikono miwili. "Harusi ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

"Na huu mkono ni wa nani?"

"Wa mama yake."

Akapitisha kidole taratibu kwenye makomamanga, kwenye yale majani membamba kama visu. "Mwambie ana mama mwenye subira," alisema. "Mimi wangu alikufa ukanda ukiwa nusu. Mpaka leo siutundiki."

Nilitazama nje. Mtu anayeelekea hospitali humwambii habari ya kifo. Lakini kwa kuwa alikuwa amenionyesha pa kutazama, nikaona kitu ambacho Tashkent sikukiona: mahali ambapo mkono wa Bibi Saodat unakoma na wa Dilbar unaanza. Uzi wa hariri hulazwa, halafu hufungwa kwa vishono vidogo vya mshazari. Vya mama vimelala kama mvua ya upepo. Vya Dilbar vimesimama. Ukishaona, huwezi tena kuacha kuona.

Tulifika Moscow siku ya nne. Treni yangu ya Helsinki ilikuwa imeshaondoka, nikangoja ya kesho yake. Ndiyo siku mliyonikuta stesheni nimekalia begi, mkanicheka, mkaenda zenu uwanja wa ndege.

Vyborg, mpakani

Asubuhi treni ikasimama Vyborg, kituo cha mwisho kabla ya Finland. Askari waligonga mabehewa, wakafunua viti, wakamulika chini ya vitanda. Ofisa wa forodha aliyeingia kwangu alikuwa kijana mwenye madoadoa usoni. Vitabu vyangu vya ufumaji alivipekua kwa ukucha. Kisha akautoa ukanda, akaukunjua, ukafika mlangoni.

"Hiki ni kitu cha kale," alisema. "Vitu vya kale havitoki bila karatasi ya wizara."

"Si cha kale. Kimekwisha mwezi uliopita."

"Nani amekidarizi?"

Ningetaja jina angeuliza yuko wapi, na kwa nini mimi ndiye ninayekibeba. Nikasema, "Mimi."

Alinitazama, akautazama ukanda, akanitazama tena. "Wewe?"

"Mimi ni mwanafunzi wa nguo. Soma hapo kwenye cheti."

Hakusoma. Aliketi kitandani mkabala nami, akaniwekea ukanda magotini. "Basi darizi."

Sindano ninayo, uzi Dilbar alinifungia kidogo kwa ajili ya kuunganishia. Lakini nidarizi wapi? Ukanda wote umejaa. Palikuwa na mahali pamoja tu, lile jani lililoachwa kwa makusudi.

Nikatunga uzi, mara ya kwanza ukapotea, mara ya pili ukaingia. Treni nzima imesimama. Nje ya mlango nasikia abiria wakinung'unika kwa Kifini na mtu mwingine akimwita yule ofisa kwa jina la baba yake. Nikalaza uzi, nikafunga. Nikalaza, nikafunga. Jasho linanitoka kiganjani na hariri inashika jasho. Nilikuwa naziba mlango wa harusi za watu ili nipite mimi, na sikuwa na namna.

Nilipofika nusu ya jani akaniambia, "Inatosha." Akainama akalinganisha. "Kule mwanzo ulidarizi vizuri zaidi."

"Kule nilikuwa sina haraka," nikamjibu.

Sijui kama aliamini. Alikunja ukanda mwenyewe, vibaya, akauweka juu ya vitabu, akagonga muhuri na kutoka. Treni ilipoondoka nilikuwa bado nimeshika sindano.

Alby, ghorofa ya sita

Meli ya Helsinki ilitia nanga Stockholm asubuhi. Nilipanda treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu, mpaka Alby, nikitazama watu wasiotazamana. Karatasi yangu iliandikwa namba ya jengo na ghorofa ya sita. Ghorofa ya sita kulikuwa na milango minne, kila mmoja na jina lake kwenye kibao: mawili ya Kiswidi, moja la Kituruki, moja refu lisilosomeka. Hakuna Wasswa. Nikashuka ya tano, nikapanda ya saba. Nikatoka nje kuhesabu majengo upya. Nikarudi. Msichana mdogo kwenye ngazi nilimsalimu kwa Kiingereza na Kirusi, akanijibu Kiswidi na kukimbia.

Mara ya tatu nipo ghorofa ya sita, mlango wa jina la Kituruki ukafunguka na mama mmoja mweusi akatoka na mfuko wa taka. Akaniuliza kwa Kiingereza namtafuta nani. Kwa uchovu nikamjibu, "Samahani mama, namtafuta Wasswa na mkewe."

"Ala, kumbe ni Kiswahili!" Akaweka taka chini. "Na hicho cha Tanzania, cha kunifanya nijisikie sijasoma. Si ni hapo mlango wa pili? Hapa jina la mlangoni ni la mwenye mkataba, si la anayelala ndani. Hata mimi si Mturuki, unaniona. Niite Mama Njeri. Uko na njaa?"

Nodira alikuwa kliniki, Wasswa kazini, anasafisha maofisi huko Kista. Mama Njeri alinipikia ugali wa semolina na majani magumu ya kijani aliyoapa kwamba ni binamu wa sukuma wiki. Nilikula kama niliyetoka kufungwa.

"Ni ndugu yako?" akauliza.

"Tulisoma pamoja. Nina ujumbe wake kutoka kwao."

"Mzuri?"

Nikamega tonge jingine. Akanitazama kidogo, akaniongezea mboga, hakuuliza tena.

Chumba cha kufulia

Wasswa alifika kwanza. Alinikumbatia, akacheka, kisha akaona uso wangu. Akachukua kapu la nguo na kuniambia nimfuate. Chini ya jengo kuna chumba cha kufulia, kila nyumba na zamu yake iliyoandikwa ubaoni. Akatia nguo kwenye mashine, akaiwasha, ndipo akaniuliza.

"Ni baba?"

"Mama."

Alikaa juu ya kapu. 

"Dada Zuhura, Nodira ana mimba ya miezi minane. Umesikia?"

"Mama Njeri kaniambia."

"Mwaka jana alikuwa na nyingine. Barua aliyomwandikia baba yake ikarudi, haijafunguliwa. Kesho yake mimba ikaharibika. Daktari hakusema ndiyo sababu. Lakini mimi nilikuwepo." Akafuta uso kwa shati chafu. "Nakuomba usimwambie. Ajifungue kwanza. Wiki tatu tu."

"Shemeji, niliahidi."

"Uliahidi Tashkent. Hapa ni mimi nitakayembeba ngazi hizi."

 Ahadi yangu ilikuwa kwa mtu aliye hai, na hofu yake ilikuwa kwa mtu ambaye hajazaliwa. Mwisho nikasema, "Sitaanza mimi kumwambia. Lakini akiniuliza uso kwa uso, sitamdanganya."

"Basi asikuulize," akasema.

Nodira aliuliza mlangoni kabla sijavua viatu. Alikuwa amenenepa miguu, nywele amezisuka moja nyuma kama zamani, na alinining'inia shingoni analia na kucheka. "Opa," akaniita, yaani dada, kama alivyozoea. "Mama hajambo?"

"Mwache apumue," Wasswa akadakia kwa Kirusi. "Katoka mbali."

Akauliza tena mezani, juu ya sinia la pilau ya karoti na kondoo aliyoipika kwa ajili yangu. Nikasema, "Dilbar anakusalimu sana, sana." Akaridhika, akaona nimesalimu kwa niaba ya nyumba nzima.  Nilijua nimeshamdanganya, ila sijatumia neno la uongo.

Siku mbili zikapita hivyo. Alinionyesha vazi dogo aliloshona. Alinionyesha zile kanda tatu, amezitundika sebuleni na nafasi wazi pembeni. Alipanga kwa sauti: mtoto akizaliwa atapigwa picha, picha nitaichukua mimi, nitaituma kwa mwanafunzi aliyebaki hosteli, naye atampa mama kwa jirani. Nami naitikia, "Eh." Wasswa akirudi kutoka kazini ananisoma usoni kama mtu asomaye kipimajoto.

Siku ya tatu

Wasswa alikuwa Kista. Nodira alikaa dirishani ameweka miguu juu ya kiti. Jua la huko mwezi wa saba ni jingi, linaingia kila pembe. Akasema bila kugeuka, "Opa, niambie kweli. Mama hakunipa kitu chochote?"

Ningeweza kusema hakunipa. Nikaenda begini.

Niliamini, Mungu shahidi, kwamba kitambaa ni kitambaa. Nilidhani ataona makomamanga, atafurahi, nami nitapata siku nyingine. Alikitandaza juu ya tumbo lake na meza. Akakinusa. Akaanza upande wa juu, akishuka na kidole, anacheka kila anapoona kitu anachokijua: hapa mama alibadili rangi, hapa alikuwa na miwani mipya. Akafika kwenye lile jani. Kidole kikasimama.

"Hili ni lako," alisema. "Hili ni lako kabisa, unavuta uzi kama kamba ya ndoo. Kwa nini uliligusa? Mama alikuruhusu?"

Nikamsimulia ya Vyborg. Alicheka mpaka akashika ubavu. Na akiwa bado anacheka, kidole kikarudi nyuma kutafuta mahali mkono wangu ulipoanzia. Kikapita pale mkono wa mama unapokoma. Kikarudi. Akainua kitambaa juani.

"Huyu ni Dilbar," akasema.

Nikaketi kando yake.

"Shibiri mbili ni za Dilbar. Mama hampi mtu ukanda wake. Hata alipovunjika kidole hakumpa mtu." Akanigeukia. "Ni lini?"

"Mwezi wa nne. Moyo. Hakuteseka."

Hakulia. Nilisimama nimshike, kama nilivyoagizwa, akanyoosha mkono kunizuia. "Usinishike. Siku tatu umekula chakula changu."

"Nodira, mimba…"

"Siku tatu nimekueleza habari za picha."

Nikabaki nimesimama katikati ya sebule ya watu, mikono sijui niiweke wapi. Ndipo akatoa sauti, si ya kupayuka, sauti ya chini isiyokata, na mkono wake ukashuka tumboni. Nilitoka mbio nikagonga kwa Mama Njeri kwa viganja vyote viwili.

Matanga

Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Wasswa alitukuta huko na ovaroli yake ya kazi, hakunilaumu kwa neno, na afadhali angenilaumu. Jioni daktari akasema mtoto anacheza, mama arudi nyumbani, alale, asiachwe peke yake.

Hilo la kutoachwa peke yake Mama Njeri alilichukua kama amri. Asubuhi alishika simu. Kufikia adhuhuri walikuwa wamefika Waganda wawili kutoka Rissne, mama Mkongo aliyekuwa akitia Kifaransa kila neno la tatu, na wengine ambao sikuyajua majina. Mkristo kwa Mwislamu. Waliondoa meza, wakatandika mablanketi sakafuni, wakamkalisha Nodira ukutani. Hakuna aliyejua Kiuzbeki, na Kirusi tulijua watatu tu, lakini hakuna aliyeona hilo kuwa tatizo. Kila aliyeingia alimshika mkono akasema "pole" na kukaa. Viatu vilijaa korido, na Mswidi wa ghorofa ya tano akapanda kuuliza kuna nini. Mama Njeri alimweleza. Akashuka, akarudi na keki ya mdalasini kwenye sahani, akavua viatu vyake na kuvipanga na vya wengine.

Mimi nilisoma Yasini. Nilipika, niliosha vyombo. Siku ya kwanza Nodira hakunitazama. Siku ya pili alipokea chai kutoka kwangu. Siku ya tatu wageni walipokwisha kutoka, nikiwa jikoni nasugua sufuria, alikuja akaegemea mlango, mkono kiunoni.

"Nani alimwosha?"

Nilizima maji. "Yule mwosha wa mtaa wenu. Na Dilbar alimshika kichwa."

"Na nani alimimina maji?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Si Wasswa, si nyinyi. Siku ile shangazi zao walikuwa bado njiani, mwosha akatazama waliopo, akanipa mimi birika.

"Mimi," nikasema.

"Yalikuwa ya moto au baridi?"

"Vuguvugu. Nilijaribu kwanza kwa kiwiko."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akauliza nywele walizisuka vipi, nikamwambia. Akauliza sanda ilikuwa nyeupe sana au ya rangi ya maziwa, nikamwambia. Akauliza baba alikuwa wapi, nikamwambia alisimama uani ameelekea ukuta mpaka jeneza lilipotoka. Maswali yalikuwa mengi, na kila jibu alilipokea kama mtu anayepokea vyombo vyake kimoja kimoja kutoka kwa jirani aliyeviazima. Mwishowe akasema, "Kaa mpaka nijifungue."

Nikakaa. Alijifungua wiki ya tatu, mtoto wa kike, mzima. Mama Njeri alitegemea ataitwa Saodat. Nodira akakataa, akasema hawezi kuliita jina lile likajibiwa na mtu mwingine, bado. Wasswa akamwita kwa jina la kwao.

Hospitali walimwosha wenyewe kwa mashine zao na mizani yao. Siku waliporudi Alby, Nodira alijaza beseni bafuni, akanitolea mtoto kwenye blanketi na kunikabidhi bila maelezo. Nilikunja mikono ya gauni, nikajaribu maji kwa kiwiko. Mtoto alilia kwa nguvu zake zote, akarusha miguu, akaniloanisha kifua kizima. Nodira alikaa ukingoni mwa bafu akitutazama. Nilipomaliza, alinyoosha mikono na taulo ampokee.